Baa ya Gari la Moshi Mjini Tokyo

Mimi si mnywaji wa pombe. Nililelewa katika nyumba ambayo pombe haikuingia, na katika miaka 36 niliyofundisha shule niliwaonya vijana wengi juu ya madhara yake. Kwa hiyo bila shaka wanafunzi wangu wa zamani watacheka wasomapo habari hizi, maana nataka kueleza jinsi nilivyokaa saa tatu nzima katika baa moja mjini Tokyo, na jinsi nilivyotoka humo nikiwa na deni ambalo hata leo sijamaliza kulilipa. Deni lenyewe si la fedha.

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2018. Nilikuwa nimekwenda Ujapani kumtazama binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa akisoma chuo kikuu huko. Kwa muda wa majuma mawili alinitembeza kila mahali: katika mahekalu ya kale, katika bustani zenye miti ya majani mekundu, na katika maduka makubwa ambayo mtu aweza kupotea humo kama mwituni. Siku ya Ijumaa, zikiwa zimebaki siku tatu nirudi nyumbani, akaniambia, "Baba, jioni ya leo nataka kukupeleka mahali ambapo marehemu Babu angepapenda sana."

Nikamwuliza, "Ni mahali gani hapo, mwanangu?"

Akasema, "Ni baa. Lakini nakuomba usikasirike kwanza."

Babu yake, yaani baba yangu mzazi, alikuwa gadi wa gari la moshi. Aliingia kazini mwaka 1951, wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilipokuwa chini ya idara moja. Aliendelea na kazi hata baada ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki kuvunjika mwaka 1977, akastaafu mwaka 1983, akafariki mwaka 2009. Nyumba yetu ilikuwa Voi, na usiku mwingi wa maisha yake aliupitisha njiani, kati ya Mombasa na Nairobi, katika behewa la mwisho.

Nilimkasirikia binti yangu kidogo, kisha nikavaa koti.

Tiketi ya Kuingilia

Mtaa tuliokwenda huitwa Kanda. Una maofisi mengi, na ifikapo jioni makarani humiminika barabarani kutafuta chakula na kinywaji kabla ya kurudi kwao. Katika sehemu ile ya mji reli haipiti ardhini, bali juu, na kuanzia Shimbashi kwenda kaskazini imebebwa na matao ya matofali mekundu. Sehemu ya kwanza ya matao hayo ilimalizika mwaka 1910, na mafundi Wajerumani walishiriki katika kuyabuni. Chini ya matao na katika vichochoro vya kando, wenyeji wamejenga migahawa na vilabu vidogo vidogo, vingine havina nafasi ya kukaa watu zaidi ya kumi. Moshi wa nyama ya kuku inayochomwa hujaa njiani, na juu ya kichwa cha mtu treni hupita moja baada ya nyingine.

Baa tuliyoitafuta ilikuwa katika kichochoro kimoja karibu na njia ya reli. Sitaitaja jina, kwa sababu mwenyewe ni mtu asiyependa kelele. Mlango wake ulikuwa mlango wa behewa, wa kusukuma kando, na pembeni yake palikuwa na dirisha dogo kama lile la kuuzia tiketi katika stesheni zetu za zamani. Nyuma ya dirisha alikaa mtu wa miaka yapata 60, amevaa kofia ya reli na glavu nyeupe. Binti yangu aliinama akatoa yeni 1,000 kwa ajili yetu wawili, yaani yeni 500 kwa kila mtu, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kiasi cha shilingi 450 za Kenya. Yule bwana akatupa tiketi mbili.

Nilipoipokea tiketi yangu nilishtuka. Ilikuwa ya karatasi ngumu, ndogo, yenye namba, sawasawa na tiketi nilizozijua utotoni. Nikaigeuza mara mbili tatu. Baadaye nilielezwa sababu. Mwingereza mmoja, Thomas Edmondson, aliyekuwa mkuu wa stesheni ndogo kaskazini ya Uingereza, ndiye aliyebuni tiketi za namna hii katika miaka ya 1830. Kabla yake karani aliandika kila tiketi kwa mkono. Yeye alitengeneza tiketi za karatasi ngumu, zilizopigwa chapa na kutiwa namba mapema, na mashine ya kuzitia tarehe. Ukubwa wake, karibu milimita 57 kwa 30, ukaenea duniani pamoja na reli. Ukafika Ujapani, ukafika na Mombasa.

Yule bwana akaichukua tena tiketi yangu, akaikata ukingoni kwa koleo dogo la chuma. Akatueleza ya kwamba zamani, kabla ya mashine kuwekwa milangoni, makoleo ya stesheni yalikata alama za maumbo mbalimbali, hata mkaguzi akiiona tiketi aweze kujua abiria aliingia wapi. Koleo lake lilikata alama mfano wa herufi M. Kisha akasema neno moja kwa sauti kubwa, nasi tukaingia.

Mambo Niliyoyaona Ndani

Wasomaji watanisadiki nikisema kwamba humo ndani hamkuwa baa, bali nusu ya behewa. Viti vilikuwa viti vya treni, vimefunikwa kitambaa cha buluu kilichochakaa, vikitazamana wawili kwa wawili. Juu palikuwa na kichanja cha wavu cha kuwekea mizigo, na pete nyeupe za kushikilia abiria wasimamao. Ukutani kulitundikwa vibao vya chuma vyenye majina ya stesheni, na feni ya kale iliyoandikwa herufi za Reli za Taifa za Ujapani. Reli hizo ziligawanywa mwaka 1987 zikawa makampuni mbalimbali, na yule bwana alikuwa amenunua vitu vingi vilivyouzwa katika miaka iliyofuata. Mwenyewe hakupata kufanya kazi ya reli. Alikuwa mpiga chapa, na zile tiketi alizipiga chapa kwa mashine yake mwenyewe. Aliyekuwa mtu wa reli ni baba yake.

Orodha ya vinywaji ilipangwa kama jedwali la saa za treni. Mahali pa stesheni paliandikwa jina la kinywaji, na mahali pa saa ya kuondoka paliandikwa bei. Niliagiza chai. Nikaletewa bilauri ya chai ya baridi, nyeusi, isiyo na sukari wala maziwa, nikainywa kwa adabu. Binti yangu naye akanywa hiyo hiyo, nadhani kwa ajili ya heshima yangu. Pamoja na chai tukaletewa kisahani cha viazi na maharagwe, ambacho hatukukiagiza. Nilitaka kukirudisha, lakini binti yangu akanifahamisha kuwa katika vilabu vingi vya Ujapani mgeni hupewa kitoweo kidogo cha namna hiyo, nacho huhesabiwa katika malipo atake asitake. Hapa kilikuwa kimekwisha kulipiwa katika tiketi.

Tulikuwa wageni tisa. Nilitazamia kuona ulevi na ugomvi, lakini sikuuona. Watu walizungumza kwa sauti ya chini, na kila treni ilipopita nje, bilauri zikitetemeka mezani, wote walinyamaza. Mmoja wao alitaja jina la treni ile na namna ya injini yake kwa kuisikia tu, pasipo kutazama dirishani. Wengine wakakubali kwa kichwa, au wakabisha. Walibishana juu ya mlio wa treni kama sisi tubishanavyo juu ya mpira.

Binti yangu alinieleza kuwa huko wapenzi wa reli ni wengi, nao wana mafungu yao. Wako wapendao kusafiri tu, wako wapendao kupiga picha, na wako wapendao sauti, ambao huchukua vinasa sauti na kusimama stesheni kunasa milio. Katika baa ile alikuwamo karani mmoja wa hesabu, mtu mzima mwenye miwani, ambaye alisema amesafiri katika kila njia ya reli ya Ujapani isipokuwa mbili. Alikuwa akiziweka hizo mbili, alisema, ili asikose sababu ya kuendelea kuishi.

Mimi nikacheka. Nilidhani ni watu wazima wanaocheza mchezo wa watoto.

Maswali ya Karani

Basi binti yangu akawaambia kuwa mimi natoka Kenya, na kwamba babu yake alikuwa gadi. Palikuwa na mnong'ono. Wote wakageuka kunitazama, na yule karani akahama kiti chake akaja kukaa mbele yangu.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: upana wa reli yenu ni kiasi gani? Nilijua jibu. Nikasema reli ya zamani ni mita moja kamili. Mwenye baa akaleta futi ya kupimia, akaikunjua juu ya meza. Akaonyesha milimita 1,000, ambayo ni reli yetu, kisha milimita 1,067, ambayo ni reli ya kawaida ya Ujapani. Tofauti ilikuwa upana wa vidole vinne. Reli yao ya kwanza, kutoka Shimbashi hadi Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872, na wahandisi Waingereza ndio waliowasaidia. Yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Nilipowaambia kuwa mwaka 1017 kabla sijamaliza neno binti yangu akanisahihisha, mwaka 2017, tulifungua reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi yenye upana wa milimita 1,435, walipiga makofi, kwa kuwa ndio upana wa zile treni zao za mwendo wa kasi zilizoanza mwaka 1964.

Mpaka hapo nilikuwa nikijisikia mtu wa maana. Swali la pili likanishusha.

"Baba yako alifuatana na injini za namna gani?"

Nikasema zilikuwa kubwa sana, za moshi, nazo zilikuwa na majina ya milima. Sikujua zaidi ya hayo. Yule karani akatabasamu, akafumba macho kama mtu anayesoma sala, akaanza kunieleza. Kumbe zilikuwa injini za Garratt, za daraja la 59, ambazo zimeungwa sehemu tatu ili ziweze kupinda katika kona kali. Zilitengenezwa na Beyer Peacock, mjini Manchester, katika mwaka 1955 na 1956. Jumla yake zilikuwa 34. Katika wakati wake hapakuwa na injini ya moshi yenye nguvu zaidi duniani katika reli ya mita moja. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Mtu yule hakupata kukanyaga Afrika. Na mimi, mwana wa gadi, niliyelala utotoni nikisikia injini hizo zikipanda kutoka pwani, nilikuwa nikijifunza habari zake katika baa ya Tokyo, kwa kinywa cha binti yangu aliyekuwa akitafsiri.

Kisha akauliza, "Na taa ya baba yako iko wapi sasa?"

Sikujibu mara moja. Nilijua vema ilikuwa wapi. Ilikuwa katika sanduku la mbao, nyumbani Voi, pamoja na kipenga chake na bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu. Nyumba ya baba ilikuwa ikibomolewa ili kaka zangu na mimi tugawane kiwanja. Ndugu yangu mdogo ndiye aliyesimamia kazi hiyo, na juma lililopita alikuwa amenipigia simu kuniuliza habari za vitu vilivyobaki. Mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja Jumamosi kuchukua mabati ya zamani. Nami nilimjibu, "Mpe vyote. Vitatufaa nini?"

Tiketi ya Mwaka 1965

Yafaa nieleze kwa nini nilijibu hivyo. Mwaka 1965, nikiwa na umri wa miaka tisa, mama alinichukua kwenda Mombasa kuninunulia viatu. Vingekuwa viatu vyangu vya kwanza. Tulipanda daraja la tatu, na gadi wa gari lile alikuwa baba. Nilijaa kiburi. Niliwaambia abiria wote kuwa gari hili ni la baba yangu. Nikawa naichezea tiketi yangu dirishani, upepo ukaichukua.

Siku ile mkaguzi wa tiketi hakuwapo, na kazi yake ikamwangukia gadi. Baba akaja akipita kiti kwa kiti. Alipofika kwetu alisema, "Tiketi," kwa sauti ile ile aliyowaambia wengine. Mama akatoa yake. Mimi sikuwa na kitu. Abiria wakacheka, wakisema, "Huyu ni mwanao, bwana, mwache." Baba hakucheka. Alitoa kitabu chake, akaandika stakabadhi, akamwomba mama alipe nauli ya mtoto mara ya pili. Mama akafungua pindo la leso, akalipa. Baba akasema, "Asante, mama," kama amwambiavyo mtu asiyemjua, akaenda zake. Fedha zilizobaki hazikutosha viatu.

Jambo hilo halikutajwa nyumbani hata siku moja. Lakini mimi sikulisahau. Niliona kuwa baba ameipenda reli kuliko watu wake, na hata alipozeeka niliketi naye kwa heshima tu, pasipo kumwuliza neno lolote juu ya kazi yake.

Nikawasimulia watu wale habari hiyo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu walikuwa wageni, na ya kuwa kesho yake nisingewaona. Binti yangu, ambaye hakupata kuisikia, alisita katikati ya kutafsiri, kisha akaendelea. Walipokwisha kusikia hakuna aliyecheka, wala aliyemlaumu baba. Karani wa hesabu alisema tu, "Alikuwa amevaa kofia."

Kidole cha Mwenye Baa

Ilipokaribia saa nne za usiku mwenye baa alitangaza, kama watangazavyo stesheni, kuwa treni ya mwisho inaondoka. Kisha akaanza kazi ya kufunga, nami nikaona ajabu nyingine. Alinyosha kidole kwenye jiko, akatamka kwa sauti, "Gesi, imefungwa!" Akaonyesha bomba, "Maji, yamefungwa!" Akaonyesha sanduku la fedha, dirisha, na feni, kila kimoja akikitaja. Mwisho akatuonyesha sisi wageni, mmoja mmoja, akatuhesabu hata tisa.

Nilishindwa kuzuia kicheko. Nikamwomba binti yangu amwulize maana yake. Akajibu kuwa hivyo ndivyo wafanyavyo watu wa reli wa Ujapani. Dereva akiona ishara ya njia huinyoshea kidole na kuitaja kwa sauti, hata kama yuko peke yake. Kondakta hufanya vivyo hivyo kabla ya kufunga milango. Desturi hiyo ilianza zamani za injini za moshi, nayo inafuatwa hata sasa. Sababu yake ni kwamba jicho peke yake huzoea, na jicho lililozoea laweza kutazama kitu lisikione. Lakini mtu akitazama, akanyosha mkono, akatamka kwa kinywa na kujisikia kwa masikio yake mwenyewe, ni vigumu akosee.

Akaongeza neno moja. Baba yake alikuwa kondakta, mtu mkali asiyecheka akiwa amevaa nguo za kazi. Lakini kila aliporudi usiku, kabla ya kuvua kofia, alifungua mlango wa chumba walimolala watoto. Alinyosha kidole kwa kila mmoja, akanong'ona jina lake, na baada ya jina akasema, "Yupo." Wao watoto walijifanya wamelala. Alisema hakupata kusikia maneno ya upendo kwa baba yake, ila hayo.

Binti yangu alipomaliza kutafsiri nilikaa kimya. Nilikuwa nimekumbuka kitu. Sisi tulizaliwa saba, tukilala chumba kimoja, na mlangoni palikuwa na pazia. Baba aliporudi alfajiri kutoka njiani, aliliinua pazia lile kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili aliinyanyua ile taa yake. Alisimama kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu polepole mpaka saba au nane, kisha akaishusha, akaenda kulala. Tulidhani anachungulia kuona nani amelamba sukari.

Sisemi kwamba baba yangu alikuwa akituhesabu. Hakuniambia, nami sikumwuliza. Nasema tu kwamba kwa miaka zaidi ya 50 niliikumbuka tiketi, na taa sikuikumbuka.

Taa Yenyewe

Tulipotoka nje nilimpigia simu ndugu yangu. Tokyo imetutangulia kwa saa sita, hivyo kwao ilikuwa saa kumi za alasiri. Nikamwambia, "Ndugu yangu, lile sanduku la Baba usilitoe."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mnunuzi hakungoja Jumamosi. Amekuja leo adhuhuri. Amechukua mabati na sanduku pia."

Sikumgombeza, maana alifuata neno langu mwenyewe. Nilimsihi tu aende akalitafute. Alipanda bodaboda mpaka kiwanja cha vyuma chakavu, akafika giza likiingia. Sanduku lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Bendera hakuziona, wala kipenga. Taa aliikuta chini ya lundo, imebonyea upande mmoja. Kioo chekundu kilikuwa kimevunjika, cha kijani na cheupe vilikuwa vizima. Mwenye kiwanja alipoona haja yake alitaka shilingi 500 kwa kitu alichokinunua kwa uzito pamoja na mabati. Ndugu yangu akalipa.

Sasa taa hiyo iko juu ya meza ninapoandika. Nimeipangusa, lakini sikuinyosha mahali palipobonyea.

Hilo deni nililolitaja mwanzoni ni hili. Niliporudi nyumbani nilianza kuwatafuta wazee waliofanya kazi reli pamoja na baba, niandike wanayoyajua. Nilipata watatu. Mmoja alinifundisha jinsi gadi alivyoizungusha taa kumpa dereva ruhusa ya kuondoka. Mwingine alinieleza kuwa katika siku zile gadi aliyemwachia jamaa yake kusafiri bure aliweza kufukuzwa kazi, na kwamba daima wako waliopenda kupeleka habari kwa wakubwa. Wa tatu alikuwa mgonjwa, na niliporudi kwake mara ya pili nilikuta matanga. Yako mambo mengi ambayo sitayajua tena, kwa kuwa aliyeyajua niliketi naye miaka mingi nisimwulize.

Wako watu wasemao kuwa kuhifadhi mambo ya kale ni kazi ya serikali na ya makumbusho makubwa. Kweli, nayo yafanya kazi yake. Lakini katika kichochoro cha Kanda nilimwona mpiga chapa mmoja, pasipo kuamriwa na mtu, akiitunza kazi ya baba yake katika chumba cha watu tisa, kwa viti vilivyochakaa na koleo la kukatia tiketi. Alikijua kila kitu kwa jina lake, na kila usiku alikinyoshea kidole.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji, hasa vijana. Kama nyumbani mwenu mna mzee aliyefanya kazi reli, au bandarini, au posta, au mashambani, msingoje msiba ndipo mfungue sanduku lake. Mwulizeni leo: hiki ni nini, kilifanya kazi gani, na siku ile ilikuwaje? Huenda akajibu kwa ukali. Mwulizeni hata hivyo.